Acheni Kuionea Fimbo Fupi

Mashindano ya pool ya mitaani hapa Malindi yakikaribia fainali, ugomvi ni uleule. Mchezaji amefichwa nyuma ya mpira wa mwenzake, njia ya moja kwa moja hana, anatoa mkobani fimbo fupi ya kurushia, yaani ya kuurusha mpira mweupe juu ya kizuizi, na ukumbi mzima unapaza sauti: "Hiyo si fimbo! Piga na fimbo yako!" Refa, ambaye mara nyingi ni mwenye meza, anafuata kelele. Fimbo fupi inarudi mkobani. Mchezaji anashika ile ndefu, anauchota mpira mweupe kwa chini, unaruka, watu wanashangilia. Pigo walilolishangilia ndilo faulo, na fimbo waliyoizomea ndiyo ingemwezesha kupiga kwa halali.

Hilo linanikera kwa sababu ni dhuluma inayotolewa kwa jina la heshima ya mchezo. Dai lenyewe ni kwamba mchezaji hodari hurusha kwa fimbo yake ya kila siku, na fimbo ya kurushia ni ya wasiojua. Anayesema hivyo hajatazama kinachotokea pale ncha inapokutana na mpira.

Mpira wa pool wa kipimo cha kimataifa una kipenyo cha milimita 57.15 na uzito wa kati ya gramu 156 na 170. Kurusha kwa halali kuna njia moja: unaugonga kutoka juu, unagandamizwa kwenye kitambaa na jiwe la sleti lililo chini yake, kisha unadunda. Sasa chukua fimbo ya kawaida, sentimita 147 na gramu 540 hivi. Ni zaidi ya mara tatu ya uzito wa mpira. Unaiteremsha kwa pembe, mpira unagonga meza na kuanza kupanda, lakini fimbo bado inashuka kwa sababu uzito wake unaivuta mbele. Mpira unaopanda unakutana na ncha inayoshuka. Hapo ama mpira unanaswa na kufia palepale, ama unaguswa mara ya pili, na kuugusa mara mbili ni faulo. Sikio lililozoea hulijua pigo hilo. Pigo safi hutoa mlio mmoja mkavu. Pigo la fimbo nzito hutoa mlio wa kukwaruza, kama milio miwili iliyobanana.

Fimbo ya kurushia huwa na gramu 225 hadi 285 hivi. Ikiugonga mpira, sehemu kubwa ya mwendo wake inahamia kwenye mpira, na ukiwa umeishika kwa ulegevu, fimbo husimama au hurudi nyuma yenyewe. Mpira unapata nafasi ya kupanda. Ncha yake ni ngumu, aghalabu ya fenoli, plastiki ngumu, badala ya ngozi, upana milimita 13 hadi 14. Ngozi laini hubonyea na kula nguvu ya pigo. Ncha ngumu huugusa mpira kwa muda mfupi zaidi na kuachia. Ndiyo maana anayetumia fimbo ya kurushia hahitaji kupiga kwa hasira. Kifundo cha mkono kinatosha.

Halafu kuna urefu, na hapa kumbi zetu zenyewe zinatoa ushahidi. Ingia kumbi za Maweni au Kisumu Ndogo uone meza ilivyobanwa kati ya ukuta na kaunta. Inua fimbo ya sentimita 147 hadi digrii 50 na kitako chake kiko juu ya kichwa chako, kinatafuta feni au ukuta. Bega limepanda, kiwiko kimekunjika vibaya, jicho halioni tena mstari wa pigo. Kwa fimbo ya sentimita 103 mkono unabaki karibu na kifua na unaona unapolenga.

Nakubali kwamba wapo wanaorusha kwa fimbo ndefu bila faulo. Kizuizi kikiwa mbali, futi mbili na zaidi kutoka mpira mweupe, digrii 25 au 30 zinatosha, na mwenye mkono mwepesi, akiisogeza mikono yake yote miwili mbele kwenye fimbo, anaweza. Lakini kizuizi kikiwa shubiri moja tu kutoka mpira mweupe, ambako ndiko watu hufichwa hasa, fimbo ndefu humwachia mchezaji wa kawaida hila moja: kuchota.

Kuchota ni kuingiza ncha chini ya mpira na kuuinua. Ncha inapita juu ya kitambaa, inaingia chini ya mpira, kisha ile kofia nyeupe iliyo nyuma ya ncha au ubao wenyewe unaubeba. Mpira umeguswa na kitu kisicho ncha, na kwa kanuni za shirikisho la pool la dunia, WPA, kufanya hivyo kwa makusudi ni faulo. Ukiutazama kutoka upande, mpira uliochotwa hupanda polepole, kama umebebwa. Uliorushwa kwa halali huchomoka ghafla.

Wenye meza wanaoikataza fimbo fupi kwa kuhofia kitambaa wamemshika asiye mwizi. Kinachochana kitambaa ni ncha inayokwenda chini na mbele bila kusimama, yaani fimbo nzito na mchoto. Inaanza na mfereji mwembamba, unafuata mpasuko wa pembetatu, na baada ya hapo kila mpira ukipita unakata kona. Hasara hiyo naielewa vizuri. Kwa mwenye meza wa Lamu, kitambaa kipya kinatoka Mombasa, kinashushwa Mokowe, kinavushwa kwa boti, na fundi anayejua kukivuta bila mikunjo naye anavushwa. Ila ukimnyima mchezaji fimbo nyepesi huku ukimruhusu kurusha, umemsukuma kwenye pigo linalochana. Ni kweli kila mrusho, hata ulio safi, huacha kidoa cheupe pale mpira ulipogandamizwa, na vidoa vikijaa sehemu moja kitambaa hupungua uhai. Anayefanya mazoezi ya kurusha na aweke kipande cha kitambaa chakavu chini ya mpira mweupe. Ni heshima kwa mwenye meza.

Kanuni za WPA zinasema nini? Fimbo isipungue inchi 40, yaani sentimita 101.6. Uzito usizidi aunsi 25, kama gramu 709. Ncha isizidi milimita 14. Uzito wa chini haukutajwa. Kwa vipimo hivyo fimbo ya kurushia ni fimbo halali. Lakini anayecheza ile pool ya mipira midogo myekundu na ya njano, kwa kanuni za blackball au za World Eightball Pool Federation, ajue kwamba kuruka juu ya mpira mwingine ni faulo kwa fimbo yoyote ile, na kwenye snooker ni hivyohivyo. Fujo za kwetu zinaanzia hapo: tunacheza mipira ya namba kwa kanuni za mchanganyiko, faulo ya huku, ruhusa ya kule, na hakuna aliyeandika chochote kabla ya mchezo wa kwanza. Mwandaaji anayekataza kurusha kabisa namheshimu. Anayeruhusu kurusha na kukataza fimbo fupi, huyo hoja yake haisimami.

Na je, kila mchezaji wa Malindi anahitaji kununua fimbo hii? Hapana. Mara nyingi ukifichwa, jibu bora ni ukingo, yaani kuupiga mpira mweupe kwanza kwenye ukingo wa meza ili uuzunguke mpira uliokuficha. Efren Reyes wa Ufilipino, akicheza na Earl Strickland mjini Reno mwaka 1995, alifichwa, akapiga kingo mbili, mpira mweupe ukachora herufi Z, akaupata mpira aliotakiwa kuugusa na kuutumbukiza. Pigo hilo bado linafundishwa. Kwa ukingo mmoja, anza na hesabu rahisi: kama mpira mweupe na ule unaoufuata viko umbali sawa kutoka ukingoni, lenga sehemu ya ukingo iliyo katikati yao. Kisha rekebisha kwa hali ya meza. Miezi ya masika unyevu wa pwani huingia kwenye kitambaa, kinaushika mpira, na mpira hutoka ukingoni kwa pembe finyu kuliko hesabu yako. Kitambaa kipya kikavu huuachia ukatoka kwa pembe pana zaidi. Kwa hiyo piga kingo kadhaa za kujaribu kabla ya mchezo, si baada ya kupoteza.

Ukingo usipopatikana, yaani mpira mwingine umekaa kwenye njia yake au kona ya shimo imeuziba, ndipo unarusha. Weka vidole vyote vinne mezani vikiwa vimetanuka, inua kiganja, dole gumba likae juu kama mfereji wa fimbo. Kizuizi kikiwa futi moja mbele, anza na digrii 40. Kikiwa karibu zaidi panda 50 au 60, na hapo shika fimbo kama mkuki, kiwiko kikiwa juu. Lenga kitovu cha mpira kwa kufuata mstari wa fimbo yenyewe, kwa maana ukiinua fimbo kitovu hicho hukiona juu zaidi kuliko ukilala mezani. Ukishuka chini ya kitovu sana, umeanza kuchota. Ukipanda juu yake sana, mpira unabanwa na hauruki. Mshiko ulegee hadi uhisi fimbo inaweza kukutoka. Piga kwa kasi fupi, acha irudi.

Kosa linalotia watu aibu zaidi ni mpira mweupe kuugonga mpira unaolengwa ukiwa bado hewani. Unaugonga juu ya kitovu, unapanda tena, unaishia sakafuni. Dawa ni kupunguza nguvu ili utue kabla ya kufika. Na kama kizuizi kimekufunika nusu tu, huhitaji kupanda urefu wa mpira mzima. Punguza pembe, pita pembeni mwa mgongo wake.

Meza za sarafu zina tabia zake. Nyingi zinamtenga mweupe kwa ukubwa, uzito au sumaku ili mashine imrudishe. Akiwa mzito kuliko wenzake hapandi vizuri, na fimbo nyepesi peke yake haitakuokoa. Mshike mkononi kabla ya mchezo, umpime na mpira mwingine. Akiwa mdogo na mwepesi, nusu ya nguvu inatosha.

Bei ya fimbo ya dukani ni mzigo, hasa ukiongeza usafirishaji. Lakini seremala yeyote wa Malindi au Lamu anaweza kukutengenezea kwa fimbo ya ukumbini iliyopinda kitako. Chagua yenye ncha ya milimita 13; zile nyembamba za milimita 9 zenye kofia ya shaba hazifai. Pima sentimita 103 kutoka nchani, zungusha utepe wa karatasi kwenye alama ili ubao usichanike, kata kitako kwa msumeno wa meno madogo. Sehemu nzito imeondoka, mara nyingi pamoja na bolti ya uzito iliyomo ndani. Bandua ngozi ya zamani, sugua uso wa kofia kwa msasa hadi ukae sawa kabisa, futa vumbi, bandika ncha ngumu kwa gundi ya supa, ibane hadi ishike, kisha izungushe kwa msasa laini ipate mgongo wa duara. Ncha iliyoachwa bapa huteleza. Kofia ya plastiki dhaifu hupasuka baada ya mapigo machache ya ncha ngumu, basi ibadilishe mapema kwa ya faiba. Chaki haishiki vizuri kwenye fenoli, ikwaruze kidogo kila unapoanza.

Kwa waandaaji: karatasi moja ukutani kabla ya mchezo wa kwanza. Iseme kurusha kunaruhusiwa au hakuruhusiwi. Kama kunaruhusiwa, iseme fimbo isipungue sentimita 101.6, ncha isizidi milimita 14, na kama ncha ya fenoli ni ruksa. Refa aje na futi ya fundi cherehani, na mchezaji akiinua fimbo kurusha, refa asogee upande wa meza, ainame macho yawe sawa na mpira mweupe, na ukumbi unyamaze ili asikie mlio.