Gari Linalopenda Foleni

Mtu aliyeoa Uchagani hana Desemba yake. Ikifika tarehe 20 unapakia watoto, mchele na kreti za soda, unaingia barabarani kama wenzako. Ila mwaka ule mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nahesabu siku, maana nilikuwa na gari. Si kwamba zamani tulikuwa tunakwenda kwa miguu, lakini hili lilikuwa gari: SUV fupi ya Kijerumani, viti vya ngozi, injini ya turbo ya lita 2, magurudumu yote manne yanavuta. Jipya kwangu, maana huko Japani mtu alishalikalia miaka 9. Lilifika bandarini likiongea Kijapani. Fundi mmoja akachomeka kompyuta yake, akalifundisha Kiingereza, nikamlipa, tukaagana vizuri.

Kwenye dashibodi pana kinamba cha wastani wa mafuta. Siku ya kwanza kilisoma 12.8. Sasa, ofisini kuna jamaa wa uhasibu mwenye IST, na hakuna chai tuliyowahi kunywa naye bila kuambiwa inatembea kilomita 14 kwa lita. Nikamwambia, "Langu 12.8, tena lina ngozi na four-wheel." Akanyamaza. Mwenye IST kunyamaza si jambo dogo.

Basi nikaanza kukifuatilia kile kinamba, na nikagundua maajabu. Wote tunajua foleni inakula mafuta. Langu, kadiri foleni ya Ubungo ilivyokaza, ndivyo namba ilivyopanda. Asubuhi moja tulikaa pale dakika 40, ikafika 14.9! Nikawasha AC mpaka mwisho, ikapanda. Nikambebea jirani simenti mifuko 8, ikapanda. Nikawaza, hawa Wajerumani wamefika mbali, gari likiteswa ndiyo linabana matumizi. Ajabu ni kwamba hela ya mafuta ilikuwa haikai. Nikajua vituo vinanipunja. Nilihama vituo 3 ndani ya mwezi mmoja, na kile cha pili nilikihama kwa maneno ambayo leo nikipita pale napandisha kioo.

Usiku wa kuamkia safari nikapiga hesabu. Tanki lita 60, mara 13, ni kilomita 780. Dar mpaka Moshi ni kama 560. Nikampigia baba mkwe.

"Shikamoo baba. Kesho nakuja kwa tanki moja."

"Marahaba mwanangu. Moja?"

"Moja, na chenji ya kuzungukia Marangu."

Mzee ameendesha malori maisha yake yote, hashangai hovyo. Akasema, "Haya, tuombe uzima."

Tulitoka saa 10 alfajiri. Mpaka tunamaliza malori ya Kibaha namba ilikuwa 13.6, roho imetulia. Tulipoipita Chalinze barabara ikafunguka, na namba ikaanza kuporomoka. Ikaja 11, ikaja 10, ikaja 9.2. Nikaanza kutokwa na jasho ndani ya AC.

"Gari lina shida," nikamwambia mke wangu.

"Mbona linakwenda vizuri?"

"Linakwenda vizuri, lakini linakunywa."

Nikabonyeza kitufe cha sport, nikakanyaga mafuta. Namba ikageuka, ikaanza kupanda! Basi dawa nikawa nimeipata: likizembea, nakanyaga. Kila nilipopunguza mwendo kijijini namba ilitaka kushuka, kwa hiyo nilipunguza kwa shingo upande. Segera tuliisoma kwenye kibao tu. Karibu na Korogwe askari wa tochi akanisimamisha, akanionyesha: 84 kwenye 50. Ikaandikwa faini ya shilingi 30,000. Nikajifariji kwamba hiyo itarudi kwenye mafuta.

Mombo niliupita mkanda mzima wa mabasi ya sikukuu, nikipiga honi. Mshale wa mafuta wakati huo ulikuwa umeshaisahau nusu, unaitafuta robo. Nikasema geji za magari ya Ulaya zina woga. Hedaru taa ya njano ikawaka. Nikasema na taa nayo ina woga.

Tulipoingia Same mke wangu akaongea taratibu, ile sauti ambayo wenye ndoa mnaijua. "Baba watoto, tuingie pale tuweke hata ya elfu 20."

"Nimeshamwambia mzee tanki moja."

Kilomita chache mbele ya Same gari likakohoa mara moja, kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi. Likakohoa tena. Usukani ukawa mzito kama jiwe la kusagia, nikalisogeza pembeni likajifia lenyewe. Kimya. Upepo tu, vumbi, na milima ya Upare kulia kwetu inatutazama. Halafu yakaanza kupita yale mabasi ya Mombo, moja baada ya jingine, yakipiga honi. Konda mmoja alitoa kiwiliwili chote dirishani ili anipungie vizuri.

Nikampigia mzee. Mke wangu akaweka spika bila kuombwa.

"Namba inasemaje?" mzee akauliza.

"13.1, baba. Kilomita 13 kwa lita."

"Imeandikwa hivyo?"

"Ndivyo zinavyokuwa, baba."

"Nisomee herufi moja moja."

Nikainama. Vimaandishi vyenyewe vidogo kama chawa. "El. Mkwaju. Mia moja. Ke. Em."

Mzee akakaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. "Mwanangu, hiyo ni lita 13 kwa kila kilomita 100. Gawanya."

Mke wangu akagawanya kwenye simu yake, kwa kasi ambayo sikuipenda. "7.6 kwa lita," akasema, akageuka kuangalia mkonge.

Kumbe fundi alipoliondolea Kijapani alibadilisha na vipimo. Na mimi toka Chalinze nilikuwa naliadhibu gari, nikiona limemwaga mafuta zaidi napiga makofi.

Bodaboda mmoja akarudi Same, akaja na lita 10 kwenye dumu la mafuta ya alizeti. Mdomo wa tanki una kijifuniko cha ndani kinachokataa kitu chochote kisichokuwa na adabu, na mrija wetu ulikuwa chupa ya maji iliyokatwa kwa kisu. Nyingi ziliingia. Zilizobaki zilipokelewa na suruali yangu ya ukweni.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwa wakwe, nanuka petroli, nikapangiwa kiti mbali na jiko la nyama. Mbege ilipoletwa mzee akasema, "Mkwe mpimieni kwa lita, asije akadai kilomita." Shemeji zangu wanne walicheka mpaka mmoja akatoka nje.

Wakati wa kurudi nilikwenda kistaarabu, bila sport, mguu mwepesi, na Same nikajaza hata kabla ya kuambiwa. Tukaingia Dar kinamba kikisoma 7.9. Ukigawanya ni kilomita 12.7 kwa lita, yaani karibu kabisa na ile niliyokuwa najitapia, safari hii ya kweli.

Jumatatu kwenye chai jamaa wa IST akanikalia mbele. "Enhe, mkuu. Safari ndefu linasoma ngapi?"

"7.9," nikasema, kwa fahari kabisa, kabla sijafikiri.

Akaweka kikombe chini. "Si lilikuwa 12.8? Pole sana, kaka. Hayo magari ndivyo yalivyo, yakianza kuchoka yanachoka mazima."

Nikafungua mdomo nimweleze. Nikaiona ile hadithi nzima inakuja, na mkwaju wake, na konda wake.

"Asante," nikasema. "Tumeshapoa."