Tarehe 12 Januari ina mambo mengi, Mbaraka anasahaulika humohumo

Hizi peji za "leo katika historia" mimi nazipenda sana, siwezi kudanganya, nikikutana na posti inasema siku kama ya leo mwaka fulani staa fulani alizaliwa basi nasimama nasoma mpaka komenti. Kero yangu ni moja, tarehe 8 Desemba kila mtu anajua mwanamuziki John Lennon alipigwa risasi New York mwaka 1980, watu wanamlilia kama mjomba wao, lakini uliza 12 Januari kuna nini. Utajibiwa Mapinduzi ya Zanzibar 1964, sherehe, gwaride, mapumziko, kwisha habari.

Sasa siku hiyohiyo, mwaka 1979, Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alifariki kwa ajali ya gari huko Kenya, pande za Mombasa. Alikuwa na miaka 34 tu! Mtu aliyepiga gitaa la solo, akatunga, akaimba, akaifikisha bendi ya Morogoro Jazz mpaka Osaka kule Japan kwenye maonyesho ya Expo 70, kisha 1973 akatoka akaanzisha bendi yake ya Super Volcano. Miaka 34. Kuna watu umri huo bado wanajitafuta na hata demo hawana.

Simlaumu mtu kwa hilo, siku ya taifa ni siku ya taifa na lazima ichukue nafasi kubwa, ila ukiangalia vizuri utaona huyu mzee ana bahati mbaya na kalenda yaani. Maana hata bethdei yake imekaa vibaya, alizaliwa 27 Juni 1944, na 27 Juni 1957 ndiyo siku Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza kusikika kutoka London. Kwa hiyo siku ambayo kijana wa Morogoro anatimiza miaka 13, Kiswahili kinaanza kurushwa kutoka Ulaya kuja huku kwetu. Mimi stori kama hizi zinaniacha hoi. Lakini ikifika Juni 27 utasikia BBC imetimiza miaka kadhaa, hongera BBC, na Mbaraka kimya.

Na Morogoro yenyewe ina mkosi wa barabara jamani. Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyekuwa mpinzani mkubwa wa Morogoro Jazz hapo mjini, naye alikufa kwa ajali ya gari, Novemba 1965. Mji mmoja, bendi mbili kubwa, na majina yao makubwa yote mawili yameondokea barabarani. Ungekuwa mji wa Marekani hapo tungeshatengenezewa filamu tatu na makumbusho juu.

Halafu kuna hii nyingine ambayo wengi hawaiunganishi. Siku ya Krismasi 1971, Dk. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliuawa kwa risasi kule Isimani na mkulima Saidi Mwamwindi, ugomvi wa mashamba na siasa ya ujamaa. Mbaraka na Morogoro Jazz wakamwimbia. Yaani tukio la Desemba 25 ambalo kwenye kalenda limefunikwa na pilau, sisi tuliozaliwa baadaye wengi tumelijua kupitia gitaa. Ndiyo maana nasema muziki wa dansi wa enzi zile ulikuwa gazeti kabisa, tena gazeti unaloweza kulicheza.

Na tabia hiyo haikuanza na Mbaraka. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad huko Unguja alishafanya hivyo miaka ya 20, ule wimbo wake wa Kijiti ni taarifa ya kesi ya mauaji, mwanamke mgeni kauawa, mwanamume katorokea bara, na wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio wakageuziwa kibao wakafungwa wao. Sikiliza vizuri utaona anawachambua mahakimu wa kikoloni bila kupiga kelele. Mwaka 1928 akapanda meli na wenzake kwenda Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV, mtoto wa kijiji cha Fumba aliyekuja mjini kuuza vyungu! Na yeye kalenda haikumwacha salama, alifariki 8 Julai 1950, siku moja baada ya tarehe ambayo leo tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani. Tunaamka tarehe 7 tunasifia Kiswahili, hotuba, mashairi, kanga, tarehe 8 tumechoka tunalala, na aliyekipeleka Kiswahili kwenye santuri tumempita hivihivi. Shaaban Robert aliona umuhimu wa kumwandikia wasifu wake, sisi tuna simu zenye intaneti na kuposti tu tunaona uvivu.

Na hata tukikumbuka tunakumbuka vibaya. Picha nyeusi na nyeupe, mshumaa, "pumzika kwa amani legendi", basi. Redio nazo zikijitahidi zinapiga nusu ya wimbo wa Mbaraka wa "Shida", mtangazaji anaongea juu ya solo, JUU YA SOLO, anasoma salamu za wasikilizaji hapo mtu anapolia na gitaa lake. Mi naona bora usipige kabisa. Mpeni saa nzima, nyimbo zipigwe mpaka mwisho, na mtuambie nani alikuwa kwenye rithim, nani besi, nani tarumbeta, kwa sababu wale walikuwa watu na wengi majina yao hayajulikani hata na wapenzi wa zilipendwa. Pa kuanzia papo, Redio Tanzania ilirekodi kwenye kanda bendi karibu zote za wakati ule.

 Basi usiku wa 12 Januari mpeni Mbaraka. Na santuri za Bombay zinafikisha miaka 100 mwaka 2028, kwa hiyo anayeandaa ratiba za vipindi pale redioni kwenu mwambieni mapema, asije akasema hakuambiwa.