Sukari au protini: nini hushikamanisha seli za sponji?

Mwaka 1907 mwanabiolojia wa Marekani, H. V. Wilson, alimkamua sponji wa baharini, mnyama sahili, kwenye kitambaa chenye vitundu vidogo hadi mwili wake ukasambaratika kuwa seli moja moja na vijifungu vya seli. Seli hizo zikakusanyika tena, zikashikana, na hatimaye wakaumbika sponji wapya. Baadaye ilionekana kwamba seli za spishi mbili zikichanganywa, aghalabu kila moja hurudi kwa wenzake. Zinatambuana vipi?

Wengi wetu tungejibu: protini. Ndizo tulizozoea kuzipa kazi ya kutambua. Lakini katika sponji mwekundu, *Microciona prolifera*, baina ya seli kuna molekuli kubwa mno, yenye duara katikati na mikono ipatayo 20 inayochomoza pande zote. Kiunzi chake ni protini. Juu yake zimening'inia glikani, yaani minyororo ya sukari. Glikani ndogo hushika seli, na ile kubwa hushikana na mwenzake wa molekuli ya jirani, mradi maji yawe na kalsiamu. Kalsiamu ikiondolewa, seli huachana.

Ushahidi wa upande wa sukari ni mzito. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, shanga ndogo za maabara zilipakwa glikani peke yake, nazo zikajikusanya kwa kufuata spishi, sawasawa na seli hai. Nguvu ya glikani kushikana ilipimwa ikawa pikonyutoni 190 hadi 310 (pikonyutoni ni sehemu moja ya trilioni ya nyutoni, kipimo cha nguvu). Kingamwili na antijeni yake (kitu inachokinasa), ambazo katika kipimo hicho ni protini, zilipata 244. Baada ya vipimo hivyo, sioni namna ya kuendelea kuiita sukari pambo la seli.

Hata hivyo, vipande viwili vya sukari vikikutana peke yao hushikana kwa ulegevu sana. Nguvu hutokana na wingi: vipande vilevile vinajirudia ndani ya glikani kubwa, na glikani zenyewe zimepangwa nyingi pamoja. Katika mwili wa sponji, anayezipanga ni protini. Kwenye jaribio la shanga, kazi hiyo ilifanywa na uso wa shanga. Kwa hiyo jaribio halikuonyesha kwamba kiunzi hakihitajiki, lilikibadilisha tu.

Tena kuna swali gumu zaidi. Sponji hukataa kipandikizi hata cha spishi yake, kikitoka kwa mwingine. Katika *Microciona*, tofauti hizo za sponji mmoja na mwingine zimeonekana kwenda sambamba na tofauti za jeni za protini ya kiunzi. Nayo jenomu (jumla ya jeni) ya sponji mwingine, *Amphimedon queenslandica*, iliyochapishwa mwaka 2010, ina jeni za integrini na kadherini, familia za protini zinazoshikamanisha seli zetu sisi.

Naegemea upande wa sukari katika kutambuana kwa spishi, si zaidi ya hapo. Jaribio ambalo lingenisogeza ni moja: kuzitundika glikani za spishi moja kwenye kiunzi cha spishi nyingine, kisha kuona seli za nani zitaitikia.