Lifti Yangu Imeondoka na Mazeroski

Jamani, mtu akikwambia Wamarekani wako bize na dola hawana muda wa ubishi, mwambie aje Pittsburgh asimame hapa niliposimama mimi. Kituo cha basi, saa tano usiku, upepo unaingia kwenye jaketi kama una ufunguo wake. Basi lijalo ni baada ya dakika arobaini. Na gari la Mzee limepita mbele yangu sasa hivi, kiti cha mbele kitupu, hita inawaka, akaniona, akatazama mbele kama dereva wa daladala aliyeona wanafunzi. Kosa langu? Nimemsifia Frank White, mchezaji wa besiboli wa zamani.

Mwenzenu nilipotoka Mbagala nilijiambia, angalau sasa nitapumzika na Simba na Yanga. Nimekulia kwenye kijiwe ambacho watu walinyimana kahawa kwa sababu ya penalti ya miaka mitano nyuma. Nikaja huku, nikapata kazi jikoni, kumenya viazi na kuosha masufuria, shifti ya jioni. Wiki ya kwanza tu nawaona watu wazima watatu wamekunjiana ndita. Nikajua ni mambo ya mshahara. Kumbe wanabishania nani alikuwa mlinzi bora wa besi ya pili, kile kituo cha pili kati ya vinne anavyopita mkimbiaji, tangu besiboli ianze. Na ilikuwa Januari! Ligi inaanza mwishoni mwa Machi, viwanja vimefukiwa na theluji, hakuna hata mpira wa kupotea kichakani, lakini mishipa ya shingo imewatoka.

Tena wangebishania wale mastaa ningeelewa. Besi ya pili si kiti cha mastaa. Staa ni mrusha mpira, na wale wanaouchapa ukatua jukwaani. Wa besi ya pili ni utingo: safari nzima anahangaika, sifa zinakwenda kwa dereva. Kazi yake kubwa ni kuua wawili, yaani kuwatoa wakimbiaji wawili, kwa mpira mmoja. Mpira umechapwa chinichini, mwenzake ameuokota na kumrushia. Yeye anakanyaga besi, mkimbiaji wa kwanza kafa, anageuka, anauvurumisha besi ya kwanza amuue na aliyechapa, ambaye ana mita 27 tu na anazimaliza kwa sekunde nne na ushei. Na hapo anapogeuka, enzi hizo, jitu linamjia kwa kuserereka chini, miguu mbele, halina nia nyingine ila kumng'oa. Mliocheza rede mkachapwa mpira wa soksi mgongoni mnapata picha kidogo.

Sasa huyu Mzee. Namwita Mzee kwa sababu kapita miaka sabini, na mdomo wangu unagoma kumwita mtu wa umri wa baba kwa jina lake la utotoni, kama wanavyotaka wenyewe. Nilipomweleza maana yake alifurahi mno, siku ya pili akaja amejiandika kwenye aproni kwa wino mnene: MZEE. Moyo wa dhahabu. Ananipa lifti kila usiku, hataki hata senti ya mafuta. Ila ukitaja besi ya pili, kwake kuna mtu mmoja tu: Bill Mazeroski wa Pittsburgh Pirates, 1956 hadi 1972. Aliua wawili wawili mara 1,706, na hakuna wa besi ya pili aliyemfikia. Mwaka 1966 peke yake mara 161. Walimwita Asiye na Mikono, kwa sababu mpira ulikuwa haukai kwake, unaugusa ugozi wa glovu na tayari umeshaondoka. Wakamwita na Kisiki, maana waliomserereka miguuni ndio walioinuka wakichechemea. Kisiki cha mpingo hicho.

Kuna siku akataka kunionyesha. Akanivalisha glovu ya kutolea trei kwenye oveni, yeye akashika kiazi.

"Usikamate," akasema.

"Mzee, nisipokamata si kitaanguka?"

"Ndiyo kosa lenu wote. Mkono wa glovu ni ukuta, si mfuko. Kiache kigonge, kiingie mkono wa pili chenyewe."

Akarusha. Nami nikatii, mkono ukawa ukuta. Kiazi kikagonga ukuta, kikakata kona, kikaingia katikati ya sufuria la supu ya kuku, na supu ikamrukia msimamizi kuanzia shati hadi miwani. Niliosha masufuria yote peke yangu usiku ule, na Mzee akanifuata hadi kwenye sinki kunieleza kwamba kiganja changu kilikuwa kimepinda.

Wengine nao hawana afadhali. Kuna kaka wa Puerto Riko, mpole, hadi umguse Roberto Alomar. Alomar, wa besi ya pili naye, ana Glovu za Dhahabu 10, zawadi ya kila mwaka ya mlinzi bora, hakuna wa besi ya pili mwenye nyingi kama zake, Mazeroski anazo nane. Kwa huyu kaka, hesabu imeisha hapo, tufunge jiko twende. Halafu kuna kijana wa vyombo, huyu anabisha kwa simu. Yeye zawadi hazitambui kabisa. Anasema mwaka 1999 ya besi ya kwanza walimpa Rafael Palmeiro, mtu aliyesimama kwenye besi hiyo mechi 28 tu, kwa sababu alikuwa anachapa mpira vizuri. Mechi 28! Hapo nilikaa upande wa kijana. Hata zawadi za ndondo kwetu, mbuzi anakwenda kwa aliyecheza.

Lakini nilikaa kimoyomoyo. Mtu wa lifti habishi.

Oktoba nayo ilinipita hivyo hivyo. Kila tarehe 13 Oktoba watu wa hapa wanakusanyika mtaa wa Oakland, kwenye kipande cha ukuta wa Forbes Field, uwanja uliobomolewa zamani, wanasikiliza matangazo ya redio ya mechi ya mwisho ya fainali ya mwaka 1960. Ndugu zangu, mechi ya 1960! Matokeo yanajulikana, Pirates 10, Yankees 9. Watu wamekuja na viti vyao na wanang'ata kucha. Saa tisa na dakika 36 alasiri, dakika ileile, Mazeroski anachapa mpira unapita juu ya ukuta, fainali imeisha, umati unapiga kelele kama bao limeingia sasa hivi. Mimi mwenyewe nilijikuta nimemkumbatia mtu nisiyemjua. Nikageuka, Mzee amenuna.

"Pigo moja la rungu," akasema, "wakasahau mikono ya miaka kumi na saba."

Nikatamani kumwambia, Mzee, huyo ni utingo anayekumbukwa kwa siku moja aliyoshika usukani. Nikanyamaza. Lifti.

Ila leo shetani alinipitia. Kijana wa vyombo alinisomea habari za Frank White wa Kansas City. Shule yake haikuwa hata na timu ya besiboli. Klabu ya Royals inajenga uwanja mpya, yeye yumo kwenye kikosi cha wajenzi, kibarua. Uwanja ukafunguliwa 1973, na mwaka huohuo jamaa akaingia kuucheza. Glovu za Dhahabu nane! Mimi niliyebeba zege Mbagala kwenye maghorofa ambayo leo mlinzi hanifungulii geti, mlitaka ninyamaze? Nikapiga meza. "Huyu ndiye! Nane kwa nane, na uwanja kajenga mwenyewe!"

Jiko zima kimya. Mzee akavua aproni, akaikunja mara nne, akatoka.

Ngojeni kwanza. Lile gari si linarudi? Ndiyo lenyewe. Limezunguka. Moyo wa dhahabu, si niliwaambia? Anateremsha kioo, hita inanipuliza usoni.

"Zulia!" anafoka. "Nimefika darajani ndipo nikakumbuka. Frank White wako alicheza kwenye nyasi za bandia, mpira unadunda kwa adabu! Maz alicheza kwenye udongo mgumu kama saruji. Ile mechi ya 1960, mpira ulidunda vibaya ukampiga Tony Kubek wa Yankees kooni, akatolewa! Hapo ndipo Maz alipokuwa anafanya kazi. Ingia."

Mkono wangu uko kwenye kitasa. Kiti kina joto, nakiona kinavyopumua. Nilichotakiwa kusema ni "kweli kabisa, Mzee." Maneno matatu. Mtoto mdogo anayaweza.

"Lakini Mzee," mdomo ukasema wenyewe, "si hata nyinyi hapa Pittsburgh mlihamia uwanja wa zulia mwaka 1970, Mazeroski akiwa bado anacheza? Na kwenye zulia si mpira unakuja kasi zaidi?"

Kioo kinapanda.

Dakika thelathini na moja.