Lumbesa na mimbari

Kanisa na siasa vikitajwa Mbeya, wengi hukumbuka Agosti 2023. Tarehe 10 Mahakama Kuu hapa ilitupilia mbali kesi ya kupinga mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai, na siku nane baadaye maaskofu Katoliki wakatoa tamko la kuupinga mkataba huo. Swali likawa: je, kanisa liseme juu ya mambo ya namna hiyo? Kwa mkulima wa viazi wa Isongole au Igoma, swali lilelile linamfikia kwa lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo.

Wanaotaka mimbari isiguse vipimo wana hoja. Yesu alikataa kuwagawia ndugu wawili urithi (Luka 12). Mkulima na dalali hukaa benchi moja. Sheria nayo ipo: kifungashio kisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndio wasimamizi.

Ila Luka haishii hapo. Mstari unaofuata Yesu anaonya juu ya choyo. Na Kumbukumbu la Torati 25 inakataza vipimo viwili, kikubwa na kidogo. Lumbesa ni hivyo hasa. Shambani gunia lililojaa huongezewa viazi juu, likashonwa kwa kamba, mkulima akalipwa gunia moja; mjini viazi vilevile vinauzwa kwa kilo. Tuchukue mfano wa gunia la "100" lenye kilo 130. Magunia 40 yana kilo 1,200 za bure, sawa na magunia 12, mbegu inayotosha ekari moja na kubaki. Ni zaidi ya moja ya tano ya mavuno. Yaani kabla mkulima hajatoa fungu la kumi, amekwisha kutolewa mafungu mawili asiyoyapanga. Na kibarua anayepakia hulipwa kwa gunia, mgongo wake ukibeba zile 30 bure.

Kumhubiria mkulima mmoja mmoja awe jasiri hakusaidii. Akigoma, gari linahamia kwa jirani, na viazi vilivyokwisha chimbwa vinageuka kijani juani au vinaoza kwa mvua. Lazima kata nzima ianze kuuza kwa kilo siku moja, na Jumapili ndiyo siku watu wengi wanakutana. Wamoravian, Walutheri, Wakatoliki na Wapentekoste wasome tangazo moja wiki kadhaa kabla ya uchimbaji. Mzani wenye muhuri wa Wakala uwekwe magari yanapopakia, uanzie sifuri, udongo ukung'utwe, kilo za kila gunia ziandikwe daftarini. Kata jirani isipoingia, wanunuzi watakimbilia huko. Kwa hiyo barua itoke jimboni au dayosisini, si usharika mmoja.

Dalali naye asisahaulike. Akinunua kwa kilo peke yake, mwenzake wa lumbesa atamshinda bei sokoni. Mzani wa wote unamwondolea hofu hiyo.