Bosi Yuko Kanada

Mimi sina makuu. Nilitaka friji litoke koridoni, basi. Lenyewe tulilinunua la mtumba Kariakoo mwaka aliozaliwa Zai, na Zai sasa yuko darasa la nne. Linagandisha, sikatai, tena linagandisha kupita kiasi: ukiweka mchicha jioni, asubuhi ukiugonga unalia kama bati. Mpira wa mlango umelegea, kwa hiyo mama Zai hulifunga kamba kama mbuzi wa Idi. Tulipopata jipya kwa mkopo wa kikundi, hili likahamia koridoni, na tangu hapo kila nikiamka usiku kwenda chooni kidole gumba cha mguu lazima kisalimiane nalo.

Mama Zai akasema, "Uza."

Kuuza mwenyewe nilishajaribu, msinifundishe. Mwaka jana niliweka meza ya kioo kwenye status ya WhatsApp. Dakika kumi hazijaisha, shangazi kapiga kutoka Korogwe: "Mwanangu, kuna nini? Umeachishwa kazi?" Mweka hazina wa kikundi akanikumbusha rejesho ambalo siku yake bado wiki mbili. Mwenye nyumba akapita "kusalimia tu". Shemeji yangu, ambaye ananidai elfu themanini, akaja kukaa sebuleni jioni nzima anaangalia televisheni. Siyo kipindi. Anaangalia televisheni yenyewe, anaipima kwa macho.

Na wanunuzi sasa! "Bado ipo?" Ipo. "Mwisho shingapi?" Sitini. "Sawa." Kimya. Wiki ya pili mtu yuleyule: "Bado ipo?" Mmoja alitaka niibebe mpaka Chanika aione kwanza, halafu ndiyo aamue kama anahitaji meza. Ile meza tunalia chakula mpaka leo.

Kwa hiyo safari hii nikasema nitafute mtu wa kuniuzia, jina langu lisionekane, ukoo ulale. Nikaletewa winga.

Winga, kwa msiomjua, ni kijana asiye na duka wala mzigo. Ana simu na mdomo. Kariakoo wamejaa, ukizubaa kidogo kashakushika mkono anakuingiza dukani kwa mtu mwingine huku anakwambia "karibu dukani kwetu". Siku hizi wamehamia Instagram. Unamkabidhi kitu chako, unamtajia bei yako, yeye anaweka cha juu chake, kikiuzika anakuletea hela. Wafanyabiashara wanaita mali kauli. Mimi nilidhani ni jina tu la biashara. Kumbe ni mgawanyo: mali ni yako, kauli ni zake.

Kijana akaja, kavaa miwani ya jua ndani ya korido isiyo na dirisha. Akalizunguka friji akitingisha kichwa kama daktari aliyechelewa kuitwa. Nikasema nataka laki mbili na nusu. Kwa tamaa nikamwonyesha na tivii ya chogo iliyo juu ya kabati. Hapo akavua miwani. "Mzee, hii unaihifadhi ya nini?" Nikamwambia ni nzima kabisa, haijafunguliwa tangu ile 31 Desemba 2012 walipozima analojia hapa Dar. Akairudisha miwani machoni, akaniambia hiyo niwape watoto wafugie kuku.

Ila friji alilikubali, na kamba yake. Akanipa moyo. Kwamba Marekani mwaka 1995, yule Pierre Omidyar aliyeanzisha eBay, ule mnada wa mtandaoni, kitu cha kwanza kuuza pale kilikuwa kitochi cha leza kibovu, kikaenda kwa dola 14.83. Mwenyewe akashangaa, akamwuliza mnunuzi, bwana, unajua kuwa hiki ni kibovu? Mnunuzi akajibu kwamba yeye hivyo vibovu ndiyo anavyokusanya. "Umeona, mzee? Duniani hakuna kisichouzika, kuna picha mbaya tu." Mimi nilikuwa nawaza namba ya huyo mnunuzi naipataje.

Akafungua kamba, akaniambia niegemeze goti mlangoni, niiname, nisionekane. Akapiga picha kumi na saba. Halafu akaomba elfu tano ya bando, na elfu kumi ya "sevisi". Sevisi yenyewe ilikuwa kulipangusa kwa kitambaa. Kitambaa chetu.

Jioni nikaona tangazo. FRIJI KALIII, YUZDI YA DUBAI, LIMETUMIKA MIEZI MITATU TU, MWENYEWE KASAFIRI GHAFLA KANADA, BEI YA KUTUPA 420,000, MAONGEZI YAPO. Nikampigia. "We kijana, mimi Kanada nimekwenda lini?"

"Mzee, kitu cha mtu aliyesafiri kinauzika. Kitu cha mtu aliyepo, watu wanajiuliza kina nini."

Nikakosa la kumjibu. Mpaka leo sijalipata.

Basi Jumapili, saa tisa alasiri, niko uani nazibua karo. Kaptula iliyopauka, singlendi yenye tundu la ukubwa wa andazi, kandambili moja ya bluu na moja ya Zai. Geti likagongwa. Anaingia winga, na nyuma yake jamaa mwenye kitambi cha heshima, funguo za gari zinazunguka kidoleni. Nikanyoosha mkono wa salamu. Winga akaniwahi:

"Huyu ndiye mlinzi. Bosi kamwachia nyumba."

Ndugu zangu, mtu una sekunde moja tu ya kukataa mambo kama hayo. Ikikupita, umeshakuwa mlinzi. Nikarudisha mkono, nikasema, "Karibuni, bosi."

Tukaingia. Mama Zai alichungulia kutoka jikoni, akanitazama mimi, akamtazama winga, akarudi ndani akiwa kajiziba mdomo kwa kanga. Baadaye nilisikia sufuria zinaanguka. Nikasimama pembeni ya friji, goti mlangoni. Jamaa analikagua, mara Zai katokea mbio: "Babaaa, mama anasema..." Winga hata hakupepesa. "Mtoto wa jirani huyu, anamzoea kila mtu." Zai akabaki ananiangalia. Nitamweleza nini mtoto yule?

Jamaa akaniuliza, "Huyu bosi wako anakulipa vizuri?" Kwa mara ya kwanza siku hiyo nikasema ukweli mtupu: "Kaka, mimi katika nyumba hii sijawahi kuona hata mia ya kwangu."

Akasikitika. Wakapatana laki tatu na themanini palepale mbele yangu, laki na thelathini juu ya bei yangu, na mimi ndiye niliyelibeba friji mpaka nje, kwa sababu ndiyo kazi ya mlinzi. Wakalilaza kwenye bajaji ya mizigo. Sasa friji likilazwa, mafuta ya kompresa yanahama. Ukifika unalisimamisha, unaliacha litulie masaa kadhaa ndiyo uliwashe. Mimi nalijua hilo. Lakini mlinzi anaanzia wapi kumfundisha mtu mwenye gari? Nikanyamaza. Jamaa akanikunjia buku mbili mkononi, "ya soda, mzee wangu," akachukua na namba yangu ya simu, eti bosi akiwa na vitu vingine vya kuuza nimstue.

Gari halijakata kona, winga ananinong'oneza: "Mzee, ile buku mbili tunagawana."

Hela yangu ilikuja usiku kwa simu. Laki moja na nusu, bila ya kutolea. Chini ujumbe: "Mzee nyingine Ijumaa nikimaliziwa." Kumaliziwa na nani, na mtu kalipa taslimu mbele ya macho yangu? Nikamweleza jirani aliyesoma sheria. Akafurahi sana, watu hawa hufurahi ukipata matatizo. Akasema Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima ya wakala, na wakala anawajibika kumpa mwenye mali hesabu pale anapodai. Nikamwambia vizuri, basi mdai. Tukapiga simu kwa spika. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Kanada keshakwenda yeye.

Ijumaa ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Usiku wa Ijumaa ya tatu simu ikaita, nikaruka kitandani, kumbe ni jamaa wa kitambi.

"Mlinzi, habari za huko? Lile friji limekufa. Tulivyofika tu tukalichomeka, likanguruma kama trekta, likazima. Yule kijana kanizima simu. Bosi wako naye ni tapeli mkubwa!"

Ningefanyaje? Nikasema, "Kaka, usiniulize. Mimi mwenyewe ananidai... yaani, namdai." Akanipa pole. Nikampa pole.

Tangu siku ile ananipigia kila baada ya siku mbili, tatu. Tunamsengenya bosi. Sikujua nina mabaya mengi kiasi kile. Mengine nayataja mimi mwenyewe, kwamba ni mbahili, kwamba mashuka hanunui, kwamba hata kamba ya mbuzi anaitumia mara mbili. Jamaa ananiambia mlinzi wewe ni mtu mwema, umekosa bahati tu ya mwajiri. Juzi kaniomba nimstue siku bosi atakayotua, hata kama ni usiku wa manane, atanipa elfu kumi. Nikasema nitaangalia.

Jana kapandisha dau mpaka elfu ishirini. Nikaziba simu kwa kiganja nifikirie kwanza. Mama Zai, ambaye nilidhani kalala, akageuka upande wangu gizani:

"Mwambie thelathini."