Daraja la De Hef si mali ya mwenye jahazi

Mwandishi wa makala, ahsante kwa kutukumbusha sakata la 2022 kule Rotterdam, Uholanzi, pale ilipoombwa sehemu ya kati ya daraja la reli la De Hef iondolewe kwa muda ili jahazi jipya la tajiri Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, lipite na milingoti yake mitatu mirefu mno. Ila umeliandika kana kwamba wenyeji waliopinga walikuwa na wivu tu. Hapana, ndugu yangu.

Daraja hili la 1927 lilijengwa juu ya Koningshaven, mkono wa mto Nieuwe Maas, baada ya lile la zamani la kuzunguka kugongwa na meli mwaka 1918. Hili jipya hunyanyuka wima. Kamba za chuma hupita juu ya magurudumu kwenye minara, na upande wa pili vinaning'inia vizito vinavyolingana na daraja lenyewe, kama mizani ya sokoni. Ndiyo maana mashine haihitaji nguvu nyingi kuinua mzigo ule mkubwa. Huo ni ufundi wa kuheshimiwa!

Mabomu ya Mei 1940 yaliteketeza katikati ya mji, De Hef likabaki. Mwaka 1993 treni zilihamia kwenye handaki chini ya mto, likatakiwa kubomolewa, wananchi wakakataa. Tangu 2000 ni kumbukumbu ya kitaifa inayolindwa kisheria. Waunda jahazi waliliondoa ombi lao, na jahazi likavutwa kwa njia nyingine bila milingoti. Kumbe iliwezekana tangu mwanzo.